Nakala Tatu za Mwalimu Alute

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025. Asubuhi hiyo Ilongero iliamka na upepo mkavu wenye baridi, ule wa baada ya mavuno, unaokokota maganda ya alizeti uwanjani na kuyarundika kwenye milango ya watu. Jua lilikuwapo lakini halikuwa na nguvu, kama kitu kilichotundikwa juu kwa ajili ya kuonekana tu. Dorika alijifunga kitenge cha pili mabegani, akatia kufuli mlangoni, kisha akasali akiwa amesimama, mkono mmoja ungali juu ya kufuli.

"Mungu, tunakwenda kununua tusivyovijua," alisema. "Tusidanganywe."

Mume wake, Paschal, alikuwa barabarani tayari, amekumbatia begi jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani ya begi hilo mlikuwa na laptopu ya zamani, na ndani ya laptopu mlikuwa na Mwalimu Alute. Ndivyo walivyozoea kusema wanafunzi wa jioni. Mwalimu huyo mstaafu alikuwa amewafundisha watu wazima hisabati sebuleni kwa Paschal tangu wakiwa hawajui kugawanya sehemu. Kifua kilipomshinda akawa hawezi kusimama ubaoni, alijirekodi akiwa kitandani: sauti yake, na mkono wake ukiandika kwenye karatasi, somo baada ya somo, mpaka maumbo na pembe zake. Mwezi wa tatu alifariki. Laptopu nayo ilikuwa inamfuata. Kioo kilikuwa na mstari katikati, na haikuwaka mpaka Paschal aushike waya wa chaji kwa namna aliyoijua yeye peke yake.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, wote wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa binafsi, na Dorika, mwenye miaka arobaini na saba, alikuwa mmoja wao. Wengi walikuwa na simu za bei ndogo zisizo na nafasi ya kuhifadhi kitu, na bando la kuangalia masomo mtandaoni hawakuliweza. Paschal, ambaye aliishi kwa kuchaji simu za watu na kutengeneza redio, ndiye aliyekuja na wazo: wachange alizeti, wanunue kompyuta ndogo, ziunganishwe zikae sebuleni zikihifadhi masomo yote, na kila mwanafunzi ayafungue kwa simu yake bila kulipia chochote. Kila mmoja alitoa madebe yake. Waliokosa alizeti walitoa kuku.

Duka la Bonifasi lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, Singida mjini. Lilijaa kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, zimepangwa mpaka darini. Bonifasi mwenyewe alikuwa kijana mwenye sweta la shingo ndefu na macho ya kukosa usingizi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Karibuni. Mnataka ya kuchapia barua?"

"Marahaba. Tunataka seva," alisema Paschal.

Mteja mmoja mwenye tai, aliyekuwa akisubiri karatasi zake zichapwe, aliinua uso. "Seva? Ya benki gani, mzee?"

"Ya sebuleni kwangu."

"Sebuleni wapi?"

"Ilongero."

Yule mtu akaviangalia viatu vya Paschal, vilivyopakwa rangi upya kufunika nyufa, kisha akarudi kwenye simu yake akitabasamu peke yake. Dorika aliliona tabasamu lile. Paschal pia aliliona, na kuanzia hapo akaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Bonifasi hakucheka. Aliweka mezani kompyuta za aina tatu, akachomeka ukutani kijisanduku cha kupimia umeme, akaziwasha moja moja ili waone namba. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya ofisini, bei yake ndogo kuliko zote. Ilipowaka feni yake ilinguruma na namba ikapanda mpaka tisini.

"Hii inakula wati tisini ikiwa imekaa tu haifanyi kitu," alisema Bonifasi. "Una sola ya ukubwa gani, mzee?"

"Paneli moja. Betri moja. Na ndiyo hiyo hiyo nachajia simu za watu."

"Basi hii itakuzimia kabla wanafunzi hawajakaa."

Ya pili ilikuwa ya ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, imetumika, imara, na feni ndogo isiyosikika. Namba ikasimama kumi na mbili. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Haikuwa na feni kabisa, mwili wake mzima ni bati lenye mifereji mgongoni. Namba ikasimama tano.

"Wati tano," Paschal alirudia taratibu. "Tatu ni kumi na tano. Hata taa ya uani inazidi."

"Ila kwa hela yenu," Bonifasi alisema, "mnapata mbili za hii ya katikati. Au tatu za hii ndogo, mkijikaza. Mimi ningechukua mbili. Zimezoea kazi."

"Si bora mbili nzima, Baba Raheli?" Dorika aliuliza. Raheli alikuwa binti yao mkubwa, ameolewa Mkiwa.

"Mbili ikifa moja unabaki na moja. Tatu ikifa moja unabaki na mbili. Zote zinabeba masomo yote, moja ikichoka nyingine inapokea. Si ndivyo, fundi?"

"Ndivyo."

"Basi tatu."

Bonifasi alileta na adapta, visanduku vyeusi vya kushusha umeme wa betri ulingane na kompyuta. Aliziweka tatu. "Kila moja na yake, mzee. Adapta ikiharibika inaondoka na kompyuta yake tu."

Paschal alizigeuzageuza. "Moja kubwa haiwezi kubeba zote?"

"Kuweza inaweza."

"Basi lete moja kubwa."

"Baba Raheli," Dorika alisema kwa sauti ya chini, kwa Kinyaturu, "fundi amesema kila moja na yake."

"Hesabu ninayo mimi," Paschal alimjibu kwa Kiswahili, ili yule mwenye tai asikie.

Hata hivyo hesabu haikutosha. Ilipungua kidogo tu, kiasi cha kuaibisha. Bonifasi akanyoosha kidole kwenye begi jeusi. "Diski ya hiyo laptopu bado nzima. Nikishahamisha vitu vyenu nikaifuta, nawakatia kwenye bei."

Dorika aliushika mkanda wa begi.

"Tukishakuwa naye mahali patatu," Paschal alimwambia, "mahali pa nne pa nini?"

Wakakaa kwenye benchi mpaka mchana wakingoja masomo yahame. Bonifasi alizijaribu zote tatu mbele yao, na kwenye zote tatu Mwalimu Alute alisikika. Kisha akaigeukia laptopu. Dorika alisimama nyuma yake akatazama majina ya masomo yakiondoka kwenye kioo chenye mstari: Sehemu, Asilimia, Mlinganyo, Pembetatu. Yalifutika kwa mpigo mmoja, kama watu waliotoka chumbani pamoja. Ni wakati huo huo Bonifasi alipokuwa akimweleza Paschal kwamba vidude vile havina feni, kwamba lile bati ndilo linalotoa joto, vikae mahali pa wazi vipumue. Paschal alisikia akaitikia. Dorika alikuwa akitazama kioo kikiwa cheupe.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda. Kompyuta zile tatu zilikaa juu ya kabati la vyombo, zimebebana, taa zao za kijani zikikonyeza. Saa kumi na mbili jioni watu walifika wakitoka mashambani na minadani, wakakung'uta vumbi mlangoni, wakafungua simu zao. Kila somo la Mwalimu Alute lilianza kwa namna moja, kikohozi kidogo, halafu: "Haya jamani. Kabla ya namba, nani hajala?"

"Mimi, mwalimu," Filipo alijibu jioni ya kwanza. Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, mtu wa mizaha. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, kwa sababu sauti ile ilikuwa imengoja kidogo baada ya swali, kama alivyokuwa akingoja enzi za uhai wake, ndipo ikaendelea.

Dorika alisoma kuliko wote. Aliiacha shule darasa la saba, na sasa alikuwa akisonga ugali huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, mwalimu akimweleza kwa nini herufi inaweza kusimama mahali pa namba. Siku aliyouelewa mlinganyo alitoka nje akamshukuru Mungu mbele ya kuku.

Siku iliyofuata akaenda kumsalimia Sikudhani, mjane wa mwalimu. Sikudhani alikuwa bado ndani ya eda, hatoki, amevaa zile nguo zake za kukaa ndani, ameketi kwenye mkeka karibu na ukuta. Alikuwa mkubwa kwa Dorika kwa miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaendelea na masomo?"

"Tunaendelea. Jana nimeelewa ile ya kutafuta herufi."

Sikudhani akatabasamu. "Alikuwa akisema hapo ndipo watu wengi wanakimbia. Mimi sijui ni nini, lakini nilikuwa nasikia anavyosema." Akapangusa magoti yake. "Eda yangu inaisha mwezi wa saba, Ijumaa ile ya pili. Nikitoka, nyumba ya kwanza kuingia ni yako. Nataka nikae nyuma kama mwanafunzi nimsikie."

"Karibu sana mama."

"Yupo lakini? Hajapotea humo? Mimi vyombo vya umeme naviogopa."

Dorika akacheka, akamshika mkono. "Mwalimu yuko mahali patatu, mama. Kimoja kikifa viwili vinabaki. Huyu hawezi kupotea tena."

Alhamisi, siku moja kabla ya mgeni, Dorika aliosha nyumba tangu alfajiri. Upepo ulikuwa mkali. Alifagia sebule, akageuka, akakuta vumbi limekaa tena mahali pale pale. Nyumbani kwake kitu cha thamani hakikuachwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, viti vilikuwa na vyao, hata jagi la maji lilikuwa na kofia ya uzi yenye shanga pembeni. Alizitazama kompyuta zile juu ya kabati, zimeshika vumbi jekundu kwenye mifereji ya migongo yao, akaona aibu. Kesho mama wa watu atatoka eda aje kumsikiliza mumewe, amkute amelala kwenye vumbi.

Akazifuta moja moja kwa kanga yenye unyevu kidogo. Akachukua nailoni nene iliyokuja na godoro, akazizungushia zote tatu pamoja na ile adapta yao, akaikunja vizuri kona zake kama mtu anayefunga zawadi. Juu yake akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe masika mazima, cheupe chenye kingo za buluu, ambacho kilikaa sandukuni kikingoja mgeni wa kukistahili. Kilikuwa kipana, kikashuka mpaka mbele ya kabati. Alipoweka mkono juu yake akahisi vuguvugu, kama la kuku anayeatamia. Akaupenda ule uvuguvugu. Akasali hapo hapo: "Baba, mpokee mgeni wetu vizuri kupitia hiki tulicho nacho."

Kisha akamkamata jogoo, akampeleka kwa jirani Mwislamu akachinjwe, ili Sikudhani aweze kula bila wasiwasi. Jirani alikuwa shambani. Dorika akakaa kumngoja, wakaongea mengi alipokuja, na jua lilikuwa limeegemea upande wa pili aliporudi na jogoo wake ndani ya beseni.

Harufu aliipata akiwa uani.

Paschal alikuwa kwenye kibanda chake cha kuchajia barabarani. Alikuwa ameisikia pia, akadhani ni watu wanachoma mifuko. Waliingia pamoja. Kitambaa kilikuwa kimeshika rangi ya chai katikati, na penye adapta palikuwa na tundu lenye kingo nyeusi. Paschal alikivuta. Nailoni ilikuja nayo nusu, nusu ikabaki imenata kwenye mabati kama ngozi. Hakuna taa iliyokonyeza.

Alisimama akiwa ameshika kile kitambaa.

"Nani amezifunika?"

"Mimi."

"Na nailoni?"

"Vumbi, Baba Raheli. Mgeni anakuja kesho."

"Bonifasi alisema zipumue. Alisema ziachwe wazi."

"Hukuniambia."

"Ulikuwepo."

Alikuwepo, kweli.

Saa kumi na mbili wanafunzi walifika kama kawaida. Paschal alikuwa amezipanga zile kompyuta juu ya meza, zikiwa na vipande vya nailoni iliyoyeyuka, na kitambaa kando yake. Hakuwa na haja ya kuonyesha kitambaa, lakini alikionyesha.

"Mama Raheli amezivalisha kwa ajili ya harusi," alisema Filipo, akajaribu kucheka. Hakuna aliyemfuata.

Editha, mama muuza mboga ambaye alikuwa akishika michango ya darasa, alizigusa moja moja kwa ncha ya kidole. "Debe zangu nne za alizeti ziko wapi kati ya hizi?"

"Nitazipeleka kwa fundi kesho asubuhi," alisema Paschal.

"Nimeuliza tu. Mwenzenu nilimwambia mume wangu ni elimu. Sasa nikamwambie ni kitambaa?"

"Mwanamke na vitambaa vyake," Paschal alisema, akitikisa kichwa kama mtu aliyezidiwa na mambo ya dunia. "Unamwachia chombo cha watu, anakifanya kitanda cha bibi harusi."

Wanaume wawili waliguna. Dorika alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, beseni la jogoo mkononi. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Adapta tatu. Angeweza kulisema mbele ya wote, na wote wangegeuka kumtazama Paschal. Alilimeza, akaingia jikoni, akaanza kunyonyoa manyoya. Huko alisikia viti vikisogezwa, watu wakiondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa asubuhi Filipo alimbeba Paschal mpaka mjini kwa pikipiki, kompyuta zikiwa ndani ya kikapu cha sokoni. Hakumtoza. Dorika alipika wali kwa sababu kuku alikwisha kuchinjwa na mgeni alikwisha kualikwa. Kila alipokoroga aliomba, ombi lile lile, fupi: hata moja. Hakuomba tatu tena.

Walirudi adhuhuri. Aliwaona tangu mbali, na alijua kutokana na jinsi Paschal alivyokaa nyuma ya pikipiki, kikapu kikiwa kimening'inia mkono mmoja bila kukumbatiwa.

"Adapta iliungua," Paschal alisema, akikaa kwenye ngazi ya mlango. "Ilipoungua ikaachia umeme wote wa betri ukapita bila kushushwa. Ukaingia zote tatu mara moja. Na kule ndani mnakokaa masomo pameungua."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile diski ya laptopu?"

Filipo ndiye aliyejibu, kwa kuwa Paschal alikuwa ameinama. "Tumempigia aliyeinunua, mama. Yuko Shelui, anawauzia picha madereva wa malori. Amesema ameijaza mpaka juu. Bonifasi akamwomba airudishe ili aijaribu, yule akataka kwanza apewe hela ya kununua nyingine. Bonifasi mwenyewe anasema hata ikija, masomo yaliyokwisha kuandikiwa vingine juu yake hayarudi."

Dorika alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, akiwa amevaa gauni la mgeni.

"Fundi amesema nini kuhusu adapta?" aliuliza.

Paschal hakuinua uso. "Amesema alituambia."

Sikudhani alifika baada ya sala ya Ijumaa. Alikuja kwa miguu, polepole, amevaa kanga mpya ya rangi ya machungwa na ushungi mweupe, na kila aliyempita njiani alisimama kumpa mkono kwa sababu hakuwa ameonekana tangu msiba. Wanafunzi walikuwa wamekuja pia, si wote. Kama kumi hivi. Walikuwa wamealikwa kabla ya maafa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa nyumbani wala wa kumwambia mjane njiani. Walijipanga ukutani kama watu waliokuja kupokea matokeo.

Alipewa maji akanawa, akapewa wali. Alikula kidogo, akausifu mchuzi. Aliuliza nani kamchinja kuku, akaambiwa, akasema Mungu awalipe. Kisha akanawa tena, akajifuta mikono, akatazama juu ya kabati. Hapakuwa na kitu pale isipokuwa alama nyeusi kwenye mbao.

"Sasa," alisema. "Nikae wapi nimsikie?"

Editha alitazama sakafu. Filipo alitoka nje, akarudi, akasimama mlangoni.

"Mama," Paschal alianza, "yametokea mambo. Mama Raheli alifunika mitambo kwa kitambaa, bila kujua..."

"Nilifunika," Dorika alisema. Alipiga magoti mbele ya Sikudhani kama mtu anayesalimia. "Zimeungua, mama. Zote tatu. Mwalimu hayupo tena."

Sikudhani alimtazama. Uso wake haukubadilika kwa muda, kama mtu anayengoja atafsiriwe. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake ndogo ya kioo, ile aliyonunuliwa na binti yake Amne, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa naye humu," alisema. "Siyo ya masomo. Alikuwa akinitumia zile picha za kuongea, akisema mambo yetu ya nyumbani, mkaa umeisha, njoo na dawa. Na moja ananiimbia, ananitania. Simu ikawa inakataa, inasema imejaa. Amne akashindwa kunitumia picha za mtoto. Nikakumbuka ulivyosema, mwanangu, kwamba yuko mahali patatu na hawezi kupotea. Nikasema basi sauti ni ile ile, ipo kwa Dorika. Nikatuma simu kwa kijana wa dukani anifutie."

Aliirudisha simu kwenye pindo. Alifunga fundo, fundo likamshinda, akalifunga tena.

Ndipo Paschal alipoinuka. Kofia alikuwa ameivua.

"Kitambaa ni kitambaa," alisema. "Lakini fundi alitaka kutupa adapta tatu, kila moja na yake, nikakataa. Mke wangu alinikumbusha palepale, nikamnyamazisha. Na ile laptopu nilimwachia fundi mimi, mke wangu ameushika mkanda. Jana nimemsema mbele yenu. Sikusema haya. Nitanunua nyingine, mama. Nitauza hata paneli..."

"Utanunua, utie nini ndani?" Sikudhani aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Kaa, baba. Usiahidi kitu."

Paschal akakaa.

Upepo ulipiga bati la paa. Mtu mmoja ukutani alianza kulia, mwanamume, akageuza uso. Sikudhani aliinamisha kichwa kumtazama Dorika aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Alikuwa anaanzaje?" aliuliza. "Nilikuwa jikoni siku zote, nasikia mwisho mwisho tu."

Dorika alijaribu. "Alikuwa anakohoa kidogo. Halafu anasema: Haya jamani. Kabla ya namba, nani hajala?"

Maneno yalikuwa yenyewe, kila mmoja aliyajua. Lakini yalitoka kwa sauti ya Dorika, nyembamba, ya mwanamke aliyekesha bila usingizi, na baada ya swali hakuna aliyengoja kama mwalimu alivyokuwa akingoja. Alisikia mwenyewe kwamba ile sauti hakuwa nayo. Alishaanza kuisahau hata kabla ya jua la leo kuzama. Alichokuwa nacho ni sehemu na asilimia, na ile herufi inayosimama mahali pa namba. Hivyo vilikuwa vimeingia mahali pasipo na umeme.

"Hata mimi sijala sana," Sikudhani alisema polepole, akijibu swali la mumewe. Kisha machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Miaka yote ile sikujua alikuwa anawaambia nini. Najua kulisikia jina langu, kuliandika sijui. Nilikuwa nataka sauti tu. Sasa hata hiyo."

Dorika alishika pindo la kanga ya machungwa, lenye fundo. Aligeuka akawatazama waliokuwa ukutani mmoja baada ya mwingine: Editha, Filipo, na yule mwanamume aliyegeuza uso. Akamtazama na mume wake aliyekaa na kofia magotini. Alitaka wote wasikie, ili siku atakayochoka wawepo wa kumkumbusha.

"Sauti siwezi kukurudishia, mama, na sitakudanganya tena," alisema. "Lakini mbele ya hawa, na mbele za Mungu, naahidi: kila Ijumaa baada ya sala nitakuja kwako na daftari, nianze na jina lako, halafu namba, kwa mpangilio wake yeye, mpaka siku utakayoijua ile herufi, ujue mumeo alikuwa anasema nini."